Kinyaa cha Nani? Uhakiki wa Tafsiri ya Neno 'Repugnant' katika Kiebrania na Kiswahili kwa Kurejelea Sheria za Mila za Kilimanjaro

IKISIRI

Makala haya yanahakiki tafsiri ya neno moja la Kiingereza cha sheria, 'repugnant', ambalo limebeba maana mbili kwa pamoja: kuchukiza na kupinga. Neno hilo liliingia katika sheria za Tanganyika mwaka 1920 kama kipimo cha kuzikubali au kuzikataa sheria za mila. Katika miaka hiyohiyo, na chini ya utawala wa Waingereza haohao, liliingia pia Palestina. Mwaka 1948, mahali ambapo toleo la Kiingereza la sheria ya Israeli lina 'repugnant', maandishi ya Kiebrania yana neno lenye maana ya upinzani tu. Kinyaa kimeachwa nje. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Skopos, makala yanaonyesha kwamba suluhisho hilo linafaa sehemu moja ya matumizi ya neno katika Kiswahili, lakini linaharibu sehemu nyingine. Hoja kuu ni kwamba mfasiri wa Kiswahili anapaswa kuligawa neno kwa kufuata kazi yake katika matini. Palipo na mgongano wa kanuni na kanuni, atumie msamiati wa ukinzani. Palipo na hisia ya hakimu iliyovikwa joho la haki, atumie msamiati wa kinyaa na amtaje mwenye kinyaa hicho.

1.0 Utangulizi

Mwansoko na wenzake (2006) wanaieleza tafsiri kuwa ni zoezi la kuhawilisha mawazo yaliyo katika maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine. Maelezo hayo yanachukulia kwamba wazo lililomo katika neno la lugha chanzi linajulikana kabla ya kuhawilishwa. Ugumu huanza pale neno moja linapobeba mawazo mawili, na watumiaji wake wa kwanza wakanufaika na kutoyatenganisha.

Neno 'repugnant' ni la aina hiyo. Kwa karibu miaka 40 ya utawala wa Waingereza Tanganyika, neno hili lilikuwa mlango ambao kila kanuni ya mila ililazimika kupita ili itambuliwe na mahakama. Kanuni iliyohukumiwa kuwa 'repugnant' kwa haki na maadili haikutumika. Neno hili liliamua nani arithi, nani alipe deni la nani, na mjane akae wapi.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kuwa na matini za Kiswahili. Hukumu za zamani, ambazo bado hunukuliwa na mawakili na kusomwa na wanafunzi wa sheria, zinahitaji kuelezwa kwa Kiswahili. Mfasiri hawezi tena kuliacha neno hili katika Kiingereza chake na kumwachia msomaji alifasiri mwenyewe.

Makala yanaongozwa na Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Vermeer (1978) na kuendelezwa na Reiss na Vermeer (1984). Nadharia hii inadai kwamba uamuzi wa mfasiri huongozwa na lengo la matini lengwa, yaani kazi ambayo tafsiri inatarajiwa kufanya kwa hadhira yake. Sambamba na nadharia hiyo, makala yanatumia hoja ya Nussbaum (2004) kwamba kinyaa ni msingi dhaifu wa sheria, kwa kuwa huelekea kuwashukia watu ambao jamii imekwisha kuwaweka pembeni.

2.0 Chimbuko la Neno na Mabadiliko ya Maana

Asili ya neno ni Kilatini: kiambishi 're-', chenye maana ya kurudisha au kukabili, na kitenzi 'pugnare', kupigana. Ndani ya kitenzi hicho kuna 'pugnus', yaani ngumi. Kwa asili yake, basi, kitu ambacho ni 'repugnant' ni kitu kinachopigana na kingine. Maana hii ya mgongano ndiyo iliyotangulia katika Kiingereza, na maana ya kuchukiza ilikuja baadaye.

Lugha ya sheria iliihifadhi maana ya kwanza kwa muda mrefu. Sheria ya Uhalali wa Sheria za Makoloni ya 1865, iliyotungwa na Bunge la Uingereza, ilieleza kwamba sheria ya koloni iliyo 'repugnant' kwa sheria ya Bunge hilo inayolihusu koloni husika ni batili kwa kiasi cha mgongano huo. Hapa hakuna kinyaa. Kuna sheria mbili, moja iko juu ya nyingine, na ya chini inapogongana na ya juu inaanguka. Msomaji anaweza kuziweka matini mbili kando kwa kando na kuuonyesha mgongano kwa kidole.

Mambo yalibadilika katika Amri ya Mfalme Barazani ya Tanganyika ya 1920. Ibara ya 24 ya amri hiyo ilielekeza kwamba mashauri ya wenyeji yaongozwe na sheria zao za mila, ilimradi mila hizo haziwi 'repugnant' kwa haki na maadili, wala hazikwenda kinyume na amri na sheria zilizoandikwa. Ibara iliweka vipimo viwili. Kwa sheria zilizoandikwa, ilitumia neno la kawaida la kutolingana. Kwa haki na maadili, ambayo hayakuandikwa popote, ilitumia 'repugnant'. Kwa hiyo, neno lililokuwa likilinganisha matini mbili liliwekwa kulinganisha mila na kitu kisicho na matini. Pengo hilo lilihitaji kujazwa, na kilicholijaza ni hisia ya aliyeketi katika kiti cha hukumu.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika shauri la Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti la mwaka 1938. Mali ya baba ilikuwa imekamatwa ili kulipia fidia iliyomlazimu mwanawe, kwa kufuata mila iliyodaiwa kuwa ya Waturu. Jaji Wilson alikiri kwamba kila jamii huenda ikawa na kipimo chake cha haki na maadili, kisha akajiuliza kipimo cha kutumika ni cha nani. Jibu lake lilikuwa kwamba ni kipimo cha Kiingereza, na mila hiyo ikakataliwa. Umuhimu wa hukumu hii kwa mfasiri ni kwamba jaji mwenyewe alilifungua neno na kuonyesha kilichomo. Mila haikugongana na haki kwa jumla. Iligongana na hisia ya haki ya watu fulani wanaotajika kwa jina.

3.0 Kiebrania: Neno Lililochaguliwa na Maneno Yaliyoachwa

Palestina na Tanganyika zilifanana katika jambo moja: zote zilikabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Amri ya Mfalme Barazani ya Palestina ya 1922 ilitumia neno 'repugnant' ilipozuia kutungwa kwa sheria zinazokwenda kinyume na masharti ya makabidhiano hayo. Amri hiyohiyo iliweka matumizi rasmi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania. Hivyo, lugha ya sheria ya Kiebrania ilikua bega kwa bega na Kiingereza cha aina ileile iliyotumika Dar es Salaam na Moshi.

Tarehe 19 Mei 1948, Baraza la Muda la Taifa la Israeli lilipitisha Amri ya Sheria na Utawala. Kifungu cha 11 cha amri hiyo kinaeleza kwamba sheria zilizokuwapo zitaendelea kutumika, isipokuwa pale zinapopingana na amri hiyo au na sheria nyingine zitakazotungwa. Katika toleo la Kiingereza, neno lililotumika mahali hapo ni 'repugnant'. Katika Kiebrania, neno ni 'stira'.

'Stira' hutokana na kitenzi 'satar', ambacho maana zake ni pamoja na kubomoa jengo na kuipinga kauli. Katika orodha ya kazi ambazo mapokeo ya Kiyahudi yanazikataza siku ya Sabato, kazi ya kubomoa huitwa kwa neno la mzizi huohuo. Katika sheria na mantiki, 'stira' ni ukinzani: kauli mbili ambazo haziwezi kusimama pamoja, kwa sababu moja inaibomoa nyingine. Neno hili halina harufu wala ladha, na anayelitumia hahitaji kusema anajisikiaje.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiebrania kilikosa neno lenye maana zote mbili. Mzizi m-'-s, ambao katika Maandiko hutumika kwa maana ya kukataa na kudharau, umezaa kivumishi 'ma'us', ambacho katika Kiebrania cha leo humaanisha kitu cha kuchukiza mno. Vilevile 'dohe' ni umbo la kitenzi cha kusukuma mbali au kukataa, na papo hapo ni kivumishi cha kinachotia kinyaa. Maneno yote mawili yana muunganiko wa kukataa na kuchukia ambao 'repugnant' inao. Hata hivyo, hayakuingia katika kifungu cha 11. Kifungu kile kilikuwa na kazi ya kulinganisha sheria na sheria, na kwa kazi hiyo kinyaa kingekuwa mzigo. Kwa mtazamo wa Skopos, 'stira' ni chaguo sahihi.

Kiebrania kina funzo la pili, linalopatikana katika neno la kale la kinyaa, 'toeva'. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 43, inaelezwa kwamba Wamisri hawakula pamoja na Waebrania kwa kuwa jambo hilo lilikuwa 'toeva' kwa Wamisri. Katika sura ya 46, wachungaji wa kondoo ni 'toeva' ya Wamisri. Jambo la kuzingatia ni kwamba neno limeandamana na mwenye nalo. Mwandishi wa Kiebrania, ambaye watu wake ndio waliokuwa wakionewa kinyaa, hakusema kwamba kula na Waebrania ni chukizo, akanyamaza. Alisema ni chukizo kwa nani. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version (1952) ilitumia neno 'chukizo' na kuwahifadhi Wamisri kama wenye chukizo hilo. Msomaji wa Kiswahili anapata habari kuhusu Wamisri, wala hapati hukumu juu ya Waebrania.

4.0 Kiswahili na Wigo wa Machaguo

4.1 Msamiati wa Kinyaa

Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu, na kila moja lina mpaka wake. 'Kinyaa' ni hisia ya mwili: mtu huona kinyaa kwa uchafu, kwa kidonda, kwa chakula kilichooza. Neno hili huenda na koo na tumbo. Karibu nalo kimaana ni 'kunyanyapaa', kumwepuka mtu kana kwamba ni uchafu, ambalo limezaa 'unyanyapaa', neno lililoenea katika elimu ya VVU na UKIMWI. Hapa kinyaa kimekwisha kuwa tendo la kijamii: mtu hashikwi mkono wala haliwi naye sahani moja. Matumizi hayo yanaiunga mkono hoja ya Nussbaum kutoka ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa kuwa wazungumzaji wamelifanya neno la kuchukia watu kuwa jina la kosa la mwenye kuchukia.

'Chukizo' limepata uzito wa kidini kutokana na Biblia. 'Karaha' na 'kukirihisha', yenye asili ya Kiarabu, ni maneno ya adabu zaidi na yanaonekana kufaa lugha ya mahakama. Hata hivyo, mzizi huohuo wa Kiarabu umeleta pia 'makuruhu', istilahi ya sharia ya Kiislamu yenye maana ya jambo lisilopendeza ambalo halijafikia kuwa haramu. Anayetenda makuruhu hatendi dhambi ya haramu, na tendo lake halibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Mfasiri anayeiita mila 'yenye kukirihisha' anamwelekeza msomaji aliyelelewa katika mazingira hayo kwenye daraja la chini la lawama, ilhali 'repugnant' ya 1920 ilikuwa ikiiondolea mila nguvu yote. Neno linasikika kuwa karibu sana, na ndiyo sababu linapotosha.

4.2 Msamiati wa Ukinzani

Upande wa pili kuna 'kupinga', 'kupingana', 'kukinzana', 'kwenda kinyume' na 'kukiuka'. Haya si maneno mageni katika sheria. Pingamizi ni jambo la kila siku mahakamani. Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika kueleza hatima ya sheria isiyolingana na Katiba, hutumia kitenzi 'kukiuka' na neno 'batili'. Kwa hiyo, panapokusudiwa mgongano wa kanuni na kanuni, Kiswahili hakihitaji kuunda istilahi mpya. Fomula ya kimapokeo ya Kiingereza inayosema kwamba tafsiri fulani ya neno itumike isipokuwa pale muktadha ulipo 'repugnant' nayo, inaweza kutafsiriwa kwa 'isipokuwa pale muktadha unapokinzana nayo', na hakuna kitakachopotea.

4.3 Sarufi na Mwenye Hisia

Tofauti ya makundi haya mawili haiishii katika msamiati. Sarufi nayo ina la kusema. 'Kuchukiza', 'kukirihisha' na 'kutia kinyaa' zote zina dhana ya kusababisha: kuna kinachosababisha hisia na kuna anayeipata. Sentensi 'Mila hii inachukiza' ni sahihi, lakini ina nafasi iliyo wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: inamchukiza nani? Nafasi hiyo haijazwi vizuri na 'haki' au 'maadili'. Haki haina koo. Sentensi 'Mila hii inaichukiza haki' inamfanya msikilizaji atafute mtu nyuma ya dhana.

Kiingereza kiliikwepa hatua hii. Kivumishi 'repugnant' kikifuatwa na 'haki na maadili' hukaa kwa utulivu, kwa sababu maana ya kale ya mgongano inairuhusu haki kuwa upande mmoja wa ugomvi, huku maana mpya ya kinyaa ikiingia kimyakimya. Mtu anayechukiwa haonekani kuchukiwa na mtu. Anaonekana kukataliwa na haki yenyewe.

'Kupingana' kuna tabia nyingine. Kiambishi cha kutendana '-an-' kinaweka pande mbili: mila inapingana na haki, na haki inapingana na mila. Kila upande unapaswa kuonekana ili mgongano uthibitishwe. Anayesema mila inapingana na haki anaweza kuulizwa: inapingana na haki ipi, iliyoandikwa wapi? Swali hilo lina jibu au halina, na mahakama inaweza kulipima.

5.0 Neno Hili katika Miteremko ya Kilimanjaro

Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kulipima neno hili kwa sababu sheria za mila za Wachagga zimepita katika tafsiri nyingi. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Old Moshi, aliziandika kwa Kijerumani katika kitabu chake kikubwa cha 1926 kuhusu sheria ya Wachagga. Kitabu hicho kilitafsiriwa baadaye kwa Kiingereza. Kilichosemwa kwa Kichagga kwenye baraza kilifika kwa wanasheria kikiwa kimepita lugha mbili za Ulaya. Moore (1986), katika utafiti wake wa miaka 1880 hadi 1980, anaonyesha kwamba kinachoitwa mila za Kilimanjaro hakikukaa kikisubiri kuandikwa. Kiliendelea kufinyangwa na biashara ya kahawa, uhaba wa ardhi, kanisa, utawala na mahakama zenyewe.

Chini ya sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929, rufaa kutoka mahakama hizo zilipanda kwa maofisa wa utawala na hazikwenda Mahakama Kuu. Maana yake ni kwamba, kwa mtu wa Marangu, Machame au Kibosho, aliyekuwa na mamlaka ya kupima kama mila inachukiza alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, siyo jaji. Neno lililoandikwa London lilifika mlimani likiwa na umbo la mtu mmoja mwenye malezi yake na mazoea yake.

Mazoea hayo yalitofautiana hata miongoni mwa Wazungu. Mafundisho ya jando na unyago, ambayo wamisionari wengi waliyaona kuwa ya aibu, Gutmann aliyaona kuwa hazina ya jamii na kuyakusanya katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Fiedler (1996) anaonyesha kwamba hata Wakristo Waafrika hawakuwa na msimamo mmoja: wapo waliotaka kuyaacha mambo ambayo mmisionari alitaka yahifadhiwe. Vilevile kutema mate, ambako katika lugha nyingi za Ulaya ni ishara ya dharau ya juu kabisa, miongoni mwa Wachagga na majirani zao Wamaasai kumetumika kama ishara ya baraka. Tendo ni moja na mate ni yaleyale. Kinachotofautiana ni aliyefundishwa kuyaona kwa jicho lipi. Hali hii inatosha kuonyesha kwamba kinyaa hakiwezi kutafsiriwa kana kwamba ni sifa iliyomo ndani ya kitu.

Athari ya machaguo ya tafsiri inaweza kuonyeshwa kwa kanuni inayofahamika ya urithi wa kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, makazi na makaburi ya waliotangulia. Kwa mila, kilipita kwa wana wa kiume, na nafasi ya pekee ilikuwa ya mtoto wa kwanza na wa mwisho; binti hakukirithi. Mahakama ya leo inayokataa kuitumia kanuni hiyo dhidi ya binti inaweza kueleza uamuzi wake kwa njia tatu:

(a) Mila hii inachukiza.
(b) Mila hii inapingana na haki.
(c) Mila hii inakiuka Ibara ya 13 ya Katiba.

Katika (a), kaka aliyeshindwa anaambiwa kwamba baba zake walikuwa watu wa kuchukiza. Hana cha kujibu ila aibu au hasira, na binti aliyeshinda anarudi kuishi katika ukoo uliotukanwa kwa jina lake. Ushindi wake unategemea hisia ya hakimu, na hakimu mwingine mwenye hisia nyingine anaweza kuuondoa. Katika (b), kuna hoja, ingawa upande mmoja wake haujaelezwa. Katika (c), pande zote mbili ziko mezani. Kaka anaweza kuisoma ibara, anaweza kubisha, na akishindwa anajua ameshindwa na nini. Binti naye anashinda kwa haki ambayo ni yake, wala si kwa sababu jirani zake wameonwa kuwa wachafu.

Njia ya tatu haiko katika nadharia tu. Katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory la mwaka 1990, lililohusu ardhi ya ukoo huko Kagera, Jaji Mwalusanya aliikataa kanuni ya mila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Msingi wake ulikuwa haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Kufikia wakati huo Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuachana na kipimo cha 'repugnant' kwa sheria za mila.

6.0 Mjadala

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba ufasiri wa kisheria unataka istilahi moja iwe na kisawe kimoja. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini hulinda dhana, hailindi umbo la neno. 'Repugnant' ya 1865 na 'repugnant kwa haki na maadili' ya 1920 ni dhana mbili zilizovaa vazi moja. Kuzipa kisawe kimoja ni kuihamishia katika Kiswahili utata ambao lugha yenyewe haiulazimishi.

Pingamizi la pili ni kwamba kuna matendo yanayostahili kinyaa, na sheria isiyothubutu kusema hivyo ni sheria baridi. Ukeketaji wa wasichana ni mfano unaotajwa mara nyingi, na mkoa wa Kilimanjaro hauko nje ya historia yake. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ililifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai dhidi ya wasichana wa chini ya miaka 18 kwa kulitaja tendo na umri. Haikuhitaji neno la kinyaa ili iwe na nguvu. Msomaji anaweza kuchukizwa, na pengine inafaa achukizwe. Lakini kinachomlinda msichana ni umri na tendo vilivyotajwa, ambavyo havibadiliki kwa kubadilika kwa hakimu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linaelekea upande mwingine. Kama msamiati wa ukinzani ni bora, kwa nini usitumike kila mahali, kama Kiebrania kilivyofanya kwa 'stira'? Jibu limo katika lengo la matini. Kifungu cha 11 cha 1948 kilikuwa kikiweka kanuni ya kutumika mbele. Hukumu ya 1938 na Amri ya 1920, zinapotafsiriwa leo, ni kumbukumbu za yaliyotendeka. Mfasiri anayeandika kwamba mila ya Waturu 'ilipingana na haki' anampa Jaji Wilson hoja ambayo jaji mwenyewe hakuidai. Jaji alikiri kwamba kipimo ni cha Waingereza. Tafsiri safi kupita kiasi inakigeuza kinyaa cha mtawala kuwa mantiki, na inawanyima wasomaji wa Kiswahili ushahidi wa jinsi babu zao walivyohukumiwa. Hili ndilo ambalo Venuti (1995) analitahadharisha anapozungumzia tafsiri inayoteleza hadi alama zote za ugeni zinafutika.

Kwa matini za aina hiyo, kisawe kinachopendekezwa ni kirai kinachomtaja mwenye hisia: mila 'yenye kuchukiza kwa kipimo cha haki na maadili cha Waingereza'. Kirai ni kirefu kuliko neno la Kiingereza. Urefu huo ni gharama ya kuijaza nafasi ambayo Kiingereza kiliiacha wazi, na ndiyo njia ileile iliyotumiwa na mwandishi wa Mwanzo alipowataja Wamisri.

Suala hili linaihusu pia Kenya, ambako kipimo hiki bado ni sheria hai. Kimo katika Sheria ya Mahakama ya 1967 na katika Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 kuhusu njia za jadi za kutatua migogoro. Huko mfasiri hawezi kuandika 'ya Waingereza', kwa kuwa kipimo kimekuwa cha taifa lenyewe. Anachoweza kufanya ni kutumia 'kupingana na haki na maadili', akiiacha mahakama ibebe wajibu wa kueleza ni haki ipi na maadili ya nani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba 'repugnant' si neno gumu kwa sababu ya uhaba wa visawe. Kiebrania kina visawe, na Kiswahili kinavyo vingi zaidi ya inavyohitajika. Ugumu wake ni kwamba neno lilifanya kazi vizuri zaidi pale ambapo maana zake mbili hazikutenganishwa, kwani mwenye mamlaka aliweza kuchukizwa na papo hapo akaonekana analinganisha. Kiebrania cha 1948 kilitenganisha kwa kuchagua upande mmoja. Kiswahili, kwa mahitaji yake ya sasa, kinahitaji pande zote mbili, kila moja mahali pake.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika sheria zinazotumika, 'repugnant' yenye maana ya mgongano wa kanuni itafsiriwe kwa 'kukinzana', 'kupingana' au 'kukiuka' kulingana na muktadha. Pili, katika hukumu na amri za kikoloni, msamiati wa kuchukiza uhifadhiwe pamoja na mwenye kuchukizwa. Tatu, 'kukirihisha' isitumike kama kisawe cha jumla, kwa sababu ya uhusiano wake na daraja la makuruhu. Watafiti wajao wanaweza kuchunguza kumbukumbu za mahakama za mwanzo za Kilimanjaro, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mashauri, ili kuona wananchi na mahakimu wenyewe hutumia maneno gani wanapoikataa kanuni ya mila. Huenda kisawe bora zaidi kimekwisha kutamkwa huko Marangu au Machame, na kazi iliyobaki ni kukisikiliza.